Naanza kushona nyumbani, nianze na kazi gani nyepesi? Na mbinu zenu pia tafadhali

uzi_mpya aliandika:

Habari zenu wadau. Nina cherehani ya umeme, hizi ndogo za nyumbani zenye mshono wa kawaida na zigizaga na mingine michache, nimeachiwa na ndugu yangu ambaye alikuwa haitumii tena, na saivi nimeamua kujifunza mwenyewe kwa sababu napenda mno kuona kitu kimetoka mikononi mwangu. Mstari ulionyooka kwenye kitambaa cha kujaribia naupiga vizuri tu, kona bado zinanisumbua. Sasa nikifungua video kila mtu anashona gauni la mikono na zipu ya kujificha, mimi sitaki kuanzia huko jamani, nataka kazi za kumaliza siku moja ambazo zitatumika humu ndani kweli, sio za kufichwa kabatini.

Halafu kuna vitu viwili vinanitatiza. Cha kwanza, nikianza tu kushona, kwa chini ya kitambaa uzi unajikusanya fundo kubwa mpaka cherehani inakwama, juu ukiangalia mshono mzuri kabisa ila geuza chini sasa. Nimebadilisha bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, nikajua ndo tatizo, wapi. Cha pili ni pindo, likitoka pale linapinda mawimbi mawimbi, halilali.

Na vifaa je, ni vipi vya lazima kwa kuanzia na vipi ni vya baadaye? Naombeni mnijibu kwa lugha nyepesi maana majina ya vitu vingine bado siyajui.

---

Foronya:

Karibu sana uzi_mpya. Kwa kazi ya kwanza mimi sina jibu lingine zaidi ya foronya ya mto wa kochi, ile ya kufunika nyuma kama bahasha, haina zipu wala kifungo, ni mistari minne tu ya mshono, na ukimaliza inaenda kwenye kochi siku hiyo hiyo.

Nikupe na vipimo kabisa usihangaike. Tuseme mto wako ni sm 40 kwa 40. Kata kipande kimoja kirefu, urefu sm 98 na upana sm 42. Zile ncha mbili fupi zipige pindo kwanza, kunja sm 1 piga pasi, kunja tena sm 2 piga pasi, shona. Baada ya hapo urefu unabaki sm 92. Tandika kitambaa mezani uso ukiangalia juu, kunja upande mmoja uingie ndani sm 26, kunja na wa pili sm 26, zitapandiana katikati kama sm 12 hivi, na hapo katikati ndo mdomo wa kuingizia mto. Pima uone kama umebaki na sm 40 toka kunjo mpaka kunjo. Choma pini juu na chini, shona pande hizo mbili tu kwa kuacha sm 1, mwanzo na mwisho rudisha nyuma kidogo ili mshono usifumuke, na pale zinapopandiana pitisha mara mbili maana ndo panapochanika kila ukiingiza mto. Pitisha zigizaga kwenye kingo, punguza kitambaa cha kwenye kona kwa mkasi ila usiufikie mshono, geuza, ingiza mto. Basi.

Umeona, pembeni hakuna mshono kabisa maana pamekunjwa. Kwa mtu anayeanza hiyo ni raha, mistari michache ya kwenda kombo.

Ukishamaliza ya kwanza shona ya pili hapo hapo usisubiri, ya pili ndo utaona mkono umezoea. Baadae nenda kwenye mfuko wa kamba, halafu mkoba wa kawaida wa mikanda miwili, halafu aproni. Aproni ina mkunjo wa kwapani kwa hiyo itakufundisha kushona sehemu iliyopinda.

---

fundi_cherehani:

Wakuu salaam. Nijibu hilo fundo la chini kwa sababu naliona kila siku na karibu wote huwa wanalaumu bobini, wakati uzi unaojikusanya chini mara nyingi ni uzi wa JUU. Fikiria hivi, nyuzi mbili zinatakiwa kukutana katikati ya kitambaa, wa juu na wa chini, kila mmoja amevutwa sawa na mwenzake. Wa juu ukikosa wa kuukaza unashuka mwingi kupita kiasi na wote unaenda kulala chini. Kwa hiyo angalia chini lakini tafuta kosa juu.

Na kosa lenyewe kwa asilimia kubwa ni hili. Unatunga uzi huku ule mguu unaokandamiza kitambaa ukiwa umeshushwa. Mguu ukishuka vile visahani viwili vya kukaza uzi vinabana, uzi unapita juu yake badala ya kuingia kati. Nyanyua mguu, toa uzi wote, tunga upya toka mwanzo, hakikisha umepita na kwenye kile kimkono kinachopanda na kushuka. Kisha shusha mguu, vuta uzi karibu na sindano, unatakiwa usikie unakuwa mzito. Ukinyanyua mguu ukivuta uwe mwepesi. Hicho ndo kipimo, hakidanganyi.

La pili, ukianza kushona shika zile ncha mbili za uzi kwa nyuma, zishike mishono mitatu minne ya mwanzo halafu ziachie. Usianzie kwenye ncha kabisa ya kitambaa maana meno yale ya chini ya mguu yanayosukuma kitambaa yanaweza kukivuta kikazama chini, anza ndani kidogo halafu rudisha nyuma mpaka kwenye ncha.

Sasa ukiona vitanzi vipo upande wa juu wa kitambaa, hapo ndo ukaangalie bobini, pengine imekaa kinyume au kuna vumbi la nyuzi limejaa kule chini. Fungua, safisha na kibrashi kidogo, usipulize kwa mdomo, unyevu wa pumzi sio rafiki wa chuma na vumbi unalisukumia ndani zaidi. Mafuta tumia ya cherehani peke yake, mafuta ya kupikia yanaganda yanakuwa gundi. Na zipo mashine za siku hizi hazitakiwi kutiwa mafuta na mwenyewe, soma kile kitabu chake kwanza.

Nimalizie na sindano maana watu wanaidharau sana hii. Sindano inachoka. Ukishona jumla ya masaa kama 8 hivi badilisha, hata kama haijavunjika, ukisikia inagonga tak tak ikiingia kwenye kitambaa jua butu hiyo. Namba zake zinaandikwa mbili mbili, kitambaa chepesi kama shifoni chukua 60/8 au 70/10, pamba ya kawaida 80/12, kitambaa kizito kidogo 90/14, jinzi 100/16. Na kwa cherehani za nyumbani sindano ina upande mmoja bapa kule juu, kwa mashine nyingi za kisasa ule ubapa unaangalia nyuma. Kama ni cherehani ya zamani inayotungwa uzi kwa pembeni, angalia ule mfereji mrefu wa sindano, unatakiwa uelekee upande unakotokea uzi. Sindano ikikaa vibaya mashine itaruka mishono na utahisi mbovu wakati nzima.

---

Subana:

Foronya na fundi mmesema vizuri ila mimi napingana kidogo hapo kwenye kuanza. Mnamkimbiza dada (au kaka, samahani) kwenye mashine moja kwa moja, wakati sindano ya mkono ndo inayokuokoa kila siku. Vifungo, pindo la suruali, kuziba uwazi uliouacha kugeuzia mto, vyote hivyo ni mkono.

Mambo machache ya sindano ya mkono ambayo ningependa kila anayeanza ayajue. Uzi usiwe mrefu, pima toka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko, kama sm 45, ukizidisha unajisokota na kufunga mafundo na muda uliodhani umeokoa kwa kutotunga mara kwa mara unaumaliza kufungua mafundo. Ile ncha iliyotangulia kutoka kwenye kigurudumu cha uzi ndo uiingize kwenye tundu la sindano, uzi utapita kwenye kitambaa bila kujisokota sana. Kama unao nta ya nyuki upitishe uzi juu yake mara moja mbili, halafu uubane na pasi ndani ya karatasi, utaona tofauti hasa ukishona kifungo.

Kifungo chenyewe sasa. Wengi wanakishona kinabanana na kitambaa, koti likiwa zito kifungo hakipati nafasi ya kukaa, kitambaa kinakunjamana pale kwenye tundu. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo katikati ya matundu, shona ukipita juu ya njiti mara nne au tano, kisha itoe njiti, vuta kifungo juu, utaona uzi umelegea chini yake. Leta sindano hapo kati ya kifungo na kitambaa, zungusha uzi mara kadhaa ukaze, ufunge kwa nyuma. Kimepata shingo yake sasa. Hakitoki hicho.

Na ukisukuma sindano kwenye kitambaa kigumu vaa subana jamani, kidole sio chuma.

---

uzi_mpya:

Ni dada 😊 asanteni sana. fundi_cherehani Mungu akubariki, nimetoka kunyanyua mguu nikatunga upya na fundo halipo!! Chini na juu mshono umefanana, nimeushika nikauangalia muda mrefu kwa furaha. Subana nimekuelewa, njiti ya kiberiti nitaijaribu kwenye koti la baba.

Foronya nimekata kitambaa kwa vipimo vyako, kesho nashona. Ila pindo la mawimbi bado. Niseme vizuri, inatokea kwenye vitambaa viwili, kimoja ni kile cha tisheti kinachovutika, kingine ni sketi ya kumwagika niliyokuwa najaribu kuipunguza urefu. Pia nataka sketi rahisi ya mpira kiunoni, inawezekana bila paterni, yaani zile karatasi za mchoro wa kukatia?

---

Pasi Moto:

Dada hapo una mawimbi mawili tofauti, kila moja lina sababu yake, ndo maana dawa moja haikusaidii.

La tisheti ni kwamba kitambaa kinavutwa wakati wa kushona. Mguu unakikandamiza kwa juu, meno yanakipeleka kwa chini, na wewe pengine unakivuta kwa nyuma kukisaidia kwenda. Usikivute kabisa, kazi ya mkono ni kuelekeza tu. Kama mashine yako ina kile kitufe cha kupunguza uzito wa mguu, punguza. Tumia sindano ya vitambaa vya kuvutika, ile yenye ncha ya mviringo, inapenya kati ya nyuzi badala ya kuzikata, na badala ya mshono wa kawaida weka zigizaga nyembamba ya mm 3 urefu na upana mdogo kabisa, ili mshono nao uvutike, la sivyo siku unavaa tisheti inapita kichwani unasikia tap tap uzi unakatika. Kama bado inakusumbua weka karatasi nyepesi chini ya kitambaa shona vyote pamoja halafu chana karatasi.

La sketi ya kumwagika ni hesabu. Sketi hiyo ni sehemu ya duara, ukingo wa chini ni mrefu kuliko sehemu ya juu yake utakapoukunjia, kwa hiyo unalazimisha kitu kirefu kikae mahali pafupi, lazima kitakunjamana. Dawa ni pindo jembamba, sketi ya namna hiyo usiikunje sm 3 au 4 hata siku moja. Shona kwanza mstari mmoja kuzunguka chini, nusu sentimita toka ukingoni, bila kukunja chochote. Huo mstari ndo utakuongoza, kunja hapo hapo kwenye mstari piga pasi, utaona kitambaa kinatii. Kunja mara ya pili, pasi tena, shona. Na kabla ya yote hayo itundike sketi usiku mzima, kwa sababu sehemu zilizokaa mshazari zinashuka kwa uzito wake, ukipiga pindo leo kesho upande mmoja mrefu.

Sasa niongee la moyoni. Watu wanauliza mashine gani uzi gani, na pasi wanaisahau, wakati kinachotofautisha kazi ya kujifunzia na kazi ya fundi ni pasi. Kila mshono ukiupiga, upige pasi kabla haujavukwa na mshono mwingine. Kwanza ubonyeze ulivyo, bado umelala, nyuzi zikae ndani ya kitambaa, halafu ndo ufungue kingo mbili ulalie huku na huku. Na kubonyeza sio kusugua, unaweka pasi, unanyanyua, unaweka pembeni yake. Ukisugua unakivuta kitambaa na mawimbi yale yale yanarudi. Kwa vitambaa vinavyong'aa kama satini piga kwa nyuma au weka kitambaa cha pamba katikati.

Na kitambaa kipya cha pamba kioshe kabla ya kukata, kioshe vile utakavyokuwa unakiosha siku zote. Pamba inaruka. Foronya ya sm 40 ikioshwa mara ya kwanza ikawa 38 hutaipenda.

---

Foronya:

Pasi Moto hapo kwenye kuosha nakuunga mkono na nilitakiwa niseme, uzi_mpya kama hukuosha kile kitambaa na ni pamba kioshe sasa, kabla ya kesho, halafu pima upya.

Ila kwa foronya kupungua kidogo sio balaa, wapo wengi wanashona foronya ndogo kuliko mto kwa makusudi, sm 2 hivi, mto unajaa mpaka kwenye kona unapendeza. Mimi kwa mtu anayeanza nampa saizi sawa kwa sababu kuusukuma mto ndani ya foronya ya kubana kunafumua mshono ambao haujakomaa.

---

fundi_cherehani:

Sketi ya mpira bila paterni inawezekana kabisa dada, tena ni kazi nzuri ya pili baada ya foronya.

Pima nyonga sehemu iliyo pana kuliko zote, zidisha mara moja na nusu, huo ndo mzunguko wa sketi. Mfano nyonga 100, mzunguko 150, gawa kwa mbili upate vipande viwili vya sm 75, ongeza sm 2 kila kimoja za mshono wa pembeni, vinakuwa 77. Kitambaa kizito usizidishe hivyo, mara moja na robo inatosha, la sivyo kiuno kinakuwa kizito kama umefunga mto. Urefu pima toka kiunoni mpaka unapotaka, ongeza sm 4 za juu kwa ajili ya mpira wa upana wa sm 2.5, na sm 3 za pindo la chini. Kata ukifuata nyuzi za urefu, yaani sambamba na ule ukingo mgumu wa kitambaa, ukikata kombo sketi itajizungusha mwilini.

Shona pembeni zote mbili, piga zigizaga kwenye kingo, pasi. Juu kunja sm 1, halafu sm 3, shona karibu na chini ya kunjo ukizunguka, ila acha uwazi wa sm 5 wa kuingizia mpira. Mpira kata mfupi kuliko kiuno chako kwa sm 5 hivi, ila usiniamini mimi, uzungushe kiunoni uvute uone unavyojisikia maana mipira inatofautiana, mingine laini mingine migumu. Choma pini ya kufungia kwenye ncha moja uipitishe ndani, na ile ncha nyingine ichome pini kwenye kitambaa isije ikakufuata ikazama. Ncha mbili zikitoka zipandishe sm 2, zishone kwa zigizaga kwenda na kurudi, usiziunganishe kichwa kwa kichwa zitaachia. Ziba uwazi, pindo la chini maliza.

---

uzi_mpya:

Nimeoshea kitambaa, kweli kimeruka, kwenye urefu kimepungua kama sm 3 wakuu! Nashukuru sijashona, nitakata kingine. Swali la mwisho fundi, nina sketi ya dukani ya mpira, nikiifua mpira unajisokota ndani unakuwa kamba, nazuiaje kwenye hii nitakayoshona?

---

fundi_cherehani:

Ukishaziba uwazi usikimbilie kuvaa. Vuta kiuno kwa mikono miwili uachie mara kadhaa ili marinda yajigawe sawa mzunguko wote, kisha papasa kwa vidole kuhakikisha mpira umelala bapa kote. Nenda kwenye mshono wa pembeni, shusha sindano pale pale juu ya mshono, shona mstari wa wima toka juu ya kiuno mpaka chini ya mpira, ukipita juu ya mpira wenyewe, rudisha nyuma mara moja. Fanya hivyo na upande wa pili. Ukitaka ongeza mmoja katikati ya mgongo, na hapo utajua na nyuma ya sketi ni ipi bila kutafuta. Mstari ukipotelea ndani ya ule mshono hauonekani kwa nje. Ila mpira uwe umelegea unapousimamisha, usiuvute ukishona hapo.

Ile ya dukani nayo unaweza kuifanyia hivyo hivyo leo, ukiunyoosha mpira kwanza kwa kuupapasa toka nje kidogo kidogo mpaka usokoto ufike kwenye mshono na ufunguke.